Molekuli Zilizozimwa

Dada yangu hutengeneza modeli. Mimi nina kifaa cha kupimia. Yeye hukokotoa kwenye kompyuta chembe zenye chaji zinazotarajiwa kuwa juu kabisa ya angahewa ya mwezi mmoja wa mbali, wenye ukungu. Mimi nasoma zile ambazo kifaa changu, kilichobebwa na chombo cha anga, kilizikuta huko. Modeli yake ilitoa elektroni maradufu ya zangu. Basi kifaa changu kikawa kibovu, na akalisema hilo kwenye korido, kwenye lifti na mezani kwa mama.

"Elektroni zako zimekwenda wapi, mdogo wangu? Umezila?" Nilimwambia akague modeli yake; akacheka.

Wenzetu, wakijua kwamba ndugu wakigombana ushike jembe ukalime, waliinamia kompyuta zao. Mimi nilikasirika hadi nikaacha kwenda kwa mama. Mkuu wa idara alikuwa anachagua vifaa vya chombo kipya. Changu kikiachwa, kazi yangu yote imekwenda na maji.

Jumatatu kikaachwa.

Jumatano dada akaingia ofisini kwangu bila hodi, kawaida yake, kisha akafunga mlango, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nilizima molekuli nzito," akasema. "Nilikuwa najaribu modeli, nikataka iende haraka. Nikasahau kuziwasha."

Molekuli nzito za mwezi ule hunasa elektroni. Ukizizima, elektroni zinabaki zikizurura na hesabu inavimba. Sasa alikuwa ameziwasha, na mstari wake ulipita kwenye vipimo vyangu vyote. Nilitaka kumcheka. Nilitaka pia kumrushia kiti.

Tukaenda kwa Mkuu. Akatazama grafu, akavua miwani.

"Grafu peke yake haifungui upya uamuzi. Mwenye kifaa alete malalamiko ya maandishi kwamba ameponzwa na uzembe, amtaje mzembe. Leo hii." Akamgeukia dada. "Yataingia kwenye faili lako, mama."

Nikarudi mezani, nikaandika "kosa dogo". Nikafuta. Nikaandika "hitilafu". Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa na hasira naye.

"Sogea huko," dada akasema. "Hata kulalamika hujui."

Akakaa kwenye kiti changu, akaandika kwa niaba yangu: uzembe mkubwa, wa mtu mwenye uzoefu, aliyeonywa na mdogo wake akamdhihaki mbele za watu. Akaweka jina lake kamili.

"Tia sahihi," akasema, "kabla sijapata akili."

Nikatia.