Ombe Amezaa

"Huyu Ombe ni nani?" Mama Tukuswiga aliuliza, simu ikiwa bado sikioni. "Gwantwa anasema amezaa."

Jenista, mkwewe, aliichukua simu akasoma, akacheka hadi akashika ukuta. "Mama, ni ng'ombe! Na wewe kanisani umeshaomba wamwombee!"

Mama alicheka pia, lakini kidogo. Tangu macho yake yazime, kila neno la Gwantwa, binti yake aliyeolewa Kitwe, Zambia, lilimfikia kupitia vinywa vya watu. Programu ya bure ya kusoma ujumbe kwa sauti ingemwondolea adha hiyo, ila kila ikikutana na ng' inajikwaa.

"Si uirekebishe?" Jenista alimwambia mumewe wakila.

"Ile ni ya watu," Watson alijibu. Alikuwa fundi simu pale Tunduma, na kwa miaka miwili alikuwa akiunda programu yake mwenyewe. Aliipa jina kabla haijajua kusema: Sauti ya Songwe. Mpaka sasa ilitamka silabi tu, tena kwa kigugumizi. "Yangu ikiisha, mama atasikia kila kitu."

"Ikiisha lini? Uzee haungoji fundi."

Watson alisukuma sahani, akanawa mikono.

Kesho yake mvua ilifukuza wateja. Akaifungua ile programu ya watu, kwa kuwa walioiunda waliiacha wazi, yeyote aisome na kuitengeneza. Aliingia akitafuta makosa. Alikuta kazi safi, na wivu ukamshika haswa. Kosa lilikuwa moja. Kile kialama kinachokaa juu baada ya ng, simu nyingi hukiandika kikiwa kimejikunja, na programu ilikijua kilichonyooka tu. Kwa hiyo ilikata neno vipande viwili.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Aliwatumia wenyewe, nao wakamjibu: asante, hebu jaribu na maneno mengine. Akajaribu, wakapokea. Miaka miwili, halafu mstari mmoja! Iliuma.

Toleo jipya lilipotoka alimwekea mama. Ujumbe wa Gwantwa ulikuwa umeshaingia.

"Mama, huku ng'ambo..." simu ilianza, bila kujikwaa. Mama aliifunika haraka kwa kiganja.

"Baba, hebu tokeni nje kidogo. Wewe na mkeo."

Walitoka. Ndani sauti ilisema, ikanyamaza, ikaanza upya. Kisha mama akacheka, safari hii kwa nguvu.

"Anacheka nini?" Jenista alinong'ona.

"Sijui," Watson alisema, akamshika mkono wakasogea mbali na dirisha.