Waligonga kwa Mathilde Kwanza

Cirimwami na mkewe Benite waligonga kwa Mathilde kwanza. Hilo ndilo lililomkaa Mathilde rohoni miezi yote iliyofuata.

Walikuwa wamekimbia vita Uvira, wakavuka mpaka na begi moja, wakafika mtaa wa Kinama, Bujumbura, jua likizama, wakitafuta pa kulala. Mathilde mwenyewe aliwahi kuingia mjini humo hivyohivyo. Lakini alikumbuka gunia la unga wa muhogo alilolificha chini ya kitanda, akawajibu mlango ukiwa nusu wazi kwamba chumba ni kidogo na chakula hakuna. Wakasogea mlango wa pili katika ua uleule, kwa Elvire.

Elvire alikuwa mjane kama yeye, ila fukara zaidi. Kupitia ukuta wa mabati Mathilde alimsikia akikwangua ndoo ya unga awapikie wageni. Akacheka kimoyomoyo. Kesho watalala njaa wote watatu.

Hawakulala njaa. Cirimwami alikuwa fundi mwashi, na haukupita muda akapata kibarua cha ujenzi Gasenyi. Jioni alirudi na ndagala, dagaa wa ziwani, na mawese, mara nyingine hata nyama. Akaziba paa la Elvire lililokuwa likivuja. Benite naye alimsuka Elvire nywele mlangoni, wakicheka kama ndugu wa tumbo moja. Harufu ya mawese ilipenya mabati ikamkuta Mathilde na sahani yake ya majani ya lengalenga, akawaza: ile ni sehemu yangu. Waligonga kwangu kwanza.

Jumapili moja mchungaji alisimulia habari za nabii Eliya na mjane wa Sarepta, aliyebakiwa na konzi ya unga akampikia mgeni, na unga wake usiishe. Wanawake wakageuka kumtazama Elvire, naye akainamisha kichwa kwa haya. Mathilde hakusikia tena mahubiri.

Wivu ukampeleka pabaya. Alimvizia Cirimwami bombani, akamwambia kwamba kwake kuna nafasi na godoro jipya, na kwamba Elvire anawasema vibaya kanisani. Cirimwami alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "sisi tulishakula kwake."

Akabeba bidoni lake la maji akaenda.

Kisha mvua kubwa zikaja, ujenzi ukasimama, na malaria ikamlaza Cirimwami. Vicheko vikapungua upande wa pili. Siku moja Mathilde akasikia ndoo ikikwanguliwa tena. Akangoja kwa hamu aone Mungu wa Elvire atafanya nini.

Asubuhi yake Elvire akagonga.

"Dada Mathilde, unga imetuishia. Utusaidie hata kidogo."

"Si unga yako haiishake?" Mathilde akamuuliza. "Kanisa lote linajua."

Elvire hakukasirika. "Imeisha. Nimesali tangu jana, na kila nikisali ni weye unanijia kichwani. Mi niliogopa kuja."

Kumbe Mungu alikuwa na neno juu ya Mathilde, na hakumwambia yeye, alimwambia Elvire. Hata hilo lilimchoma. Akaingia ndani, akalivuta gunia. Upande uliogusa ukuta ulikuwa umeshika unyevu na kuingiwa na wadudu. Akachota palipokuwa pazima, akajaza beseni, akalibeba mwenyewe hadi kwa jirani.

Bugali ulipoiva, Elvire alimpelekea mgonjwa chakula kitandani, kisha akamwekea Mathilde sahani. Benite akaomba, akamshukuru Mungu kwa muda mrefu kwa kumjibu Elvire. Mathilde hakutajwa.

Alikula akimwonea wivu Elvire kwa ile sala iliyojibiwa. Benite alipomsogezea bakuli la mchuzi, akachovya, akala tena. Kesho yake alirudi na beseni jingine, bila kuitwa.