Abiria wa Karakana ya Mlowesa

2

Karakana ilijengwa kwa sababu injini zilikuwa zinapata kiu hapa. Hiyo ndiyo historia yenyewe. Injini za mvuke zilifika Mlowesa zikiwa kavu, zikanywa maji, zikapakwa mafuta, zikaondoka. Watu waliobaki wakauziana mihogo. Mji ukawa mji.

(Halmashauri imeniomba ukurasa mmoja wa historia ya karakana kabla haijabomolewa. Mimi ni karani wa masjala, si mwanahistoria, ila ndiye niliyekuwepo ofisini siku hiyo. Namba 1 nimeifuta. Ilikuwa hotuba.)

3. TANGAZO

Wananchi wote mnatangaziwa kuwa eneo la iliyokuwa karakana ya reli litasafishwa kupisha stendi ya malori. Wenye makaburi nyuma ya banda la injini wajitokeze ofisi ya kata. Mabaki yote yatafukuliwa na kuhamishiwa makaburi ya mji kwa utaratibu uliowek

(Karatasi imeishia hapo. Mbuzi.)

4

Kaburi ni moja tu.

5. DESTURI

Mfanyakazi wa reli akifa, hazikwi Mlowesa. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo, ilikuwa hivyo tu. Maiti ilipakiwa behewa la mwisho, na mfiwa mmoja na jamvi lake, na treni ikampeleka kwao bure. Wenzake walisimama kando ya reli, kofia mkononi, mpaka behewa lipotee kwenye kona. Ndipo watu walipolia.

Zakayo Ntahondi, fundi breki, mtu wa Uvinza, alifariki wiki ileile treni ilipoacha kuja.

6. Anayesema: mzee Daudi Mkonongo, fundi mstaafu

"Tulimsubirisha. Joto la huku unalijua. Stesheni masta akasema ni hitilafu ndogo, treni itakuja. Tukaona basi, tumhifadhi kwa muda. Tukachimba karibu na reli, ili ikija tusihangaike. Padri tukamwomba sala aiache nusu, nusu nyingine akasomewe kwao."

Na treni?

"Si ndiyo hiyo tunaisubiri."

7

Wiki ijayo.

          Mwezi ujao.

                    Baada ya uchaguzi.

8. Anayesema: Bi. Leokadia, mke wa Zakayo

"Mimi sijafiwa bado, mwanangu. Nimechelewa kufiwa. Matanga sijaweka, nywele sijanyoa. Kwao wanajua yuko njiani. Mama yake amekufa akiuliza mwanangu amefika wapi.

"Watoto wanasema tukodi lori. Zakayo kafunga breki za mabehewa yaliyorudisha wenzake wote kwao, halafu yeye aende juu ya magunia ya vitunguu? Na hayo makaburi yenu ya mji siyataki. Akishazikwa huko, ndiyo amezikwa."

9. Yaliyosikika bombani, kwenye foleni ya ndoo

— Yule bibi anaota.

— Si wewe uliyekuwa unamwambia treni itakuja?

— Nilikuwa nampa moyo.

— Basi ndio huo anaoishi nao.

10

Nimeagizwa niandike bila hisia. Sawa.

Nilimpelekea Bi. Leokadia barua ya kuhamisha kaburi. Nikamwambia pole. Hakuitikia, maana pole ni ya wafiwa. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka, nikarudi ofisini kugonga mihuri.

11

Imekuja.

Wewe unayesoma, usikimbilie kufunga mizigo. Si ya abiria. Ni kichwa kimoja cha treni na mabehewa tambarare, kimetumwa kung'oa reli chakavu. Kitarudi kinyumenyume mpaka njia kuu, kikiokota njia yake chenyewe. Kikishapita, hakuna kingine kitakachoweza kufika Mlowesa.

12

Asubuhi vibarua wa halmashauri walifukua, kama tangazo lilivyosema. Mabaki yakawekwa kwenye sanduku jipya la mninga. Gari la kwenda makaburi ya mji lilikuwa limeshawashwa, na mimi ndiye niliyeshika karatasi zake.

Bi. Leokadia hakulitazama gari. Aliwaambia wanawe wabebe, wakabeba mpaka kando ya reli, akatandika jamvi, akaketi. Wazee waliobaki wa karakana wakaja mmoja mmoja. Hakuna aliyewaita. Mzee Daudi alivua kofia.

Dereva wa treni, kijana wa umri wa wajukuu wa Bi. Leokadia, aliteremka.

"Bibi, hii haibebi watu."

"Naona."

"Nimeagizwa vyuma tu. Wakijua, kazi sina."

"Marehemu alikuwa wa breki," mzee Daudi alisema, kwa sauti ya kutambulisha mtu.

Dereva akanitazama mimi, mwenye karatasi. Nikazikunja, nikazitia mfukoni, nikatazama pembeni.

Akaenda kwenye sanduku. Akaligusa kwa viganja, akakadiria urefu wake na nafasi ya behewa.

"Anashukia wapi?"

Bi. Leokadia alifungua mdomo aseme Uvinza, akalia.

Dereva akasubiri.