Matete ya Mzee Mwishehe

Didas alipofika bondeni alimkuta Mzee Mwishehe ameshamwaga mafuta ya taa upande wa chini wa matete, kiberiti mkononi. Mwaka huu mzee kaamua: matete yaungue, apande mchicha. Mbagala nzima inakula mchicha, mbayuwayu hawaliwi na mtu.

Didas ni fundi baiskeli. Kila jioni akifunga kibanda hupitia hapo kuwatazama mbayuwayu wakishuka kulala. Wanatoka Ulaya, wanavuka jangwa zima, wanakaa mpaka mwisho wa Machi. Mabonde ya jirani yameshajengwa yote. Palipobaki pa kulala ni hapa, na hapa penyewe hapazidi kiwanja cha mpira.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sogea, Mnyamwezi, usije ukaungua bure, na nyama yenyewe huna."

Didas hakusogea. Aliingia katikati ya matete akajilaza kwenye tope, mikono kifuani.

Mwishehe akashusha kiberiti. Mlalo ule aliujua. Mwezi wa nane, wakimzika mama wa mzee, Didas alirukia kaburini akalala vivyo hivyo, kama mtani wa Wazaramo anavyotakiwa, akagoma kutoka mpaka akombolewe. Mzee, kwa haraka ya kuzika, akamwahidi mbele ya watu: toka, utachagua chochote bondeni kwangu. Alidhani atachagua boga.

"Nimekuja kuchagua," Didas alisema kutoka topeni. "Nataka matete. Mpaka Machi iishe."

"Chagua boga."

"Boga linasafiri? Hawa ndege ni ndugu zangu kabisa. Babu zetu walitembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka huku, mkawapokea."

"Ndiyo kosa letu."

Watani hawanuniani. Mwishehe alitia kiberiti mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Jioni mbayuwayu walishuka kwa maelfu, wakagombania nafasi kwa kelele kama robo saa, wakanyamaza. Didas akaenda zake nyumbani. Banda la kuku lilikuwa wazi, mkewe Adelina kashika kiuno.

"Mtani wako kaja kachukua jogoo. Kasema na yeye kachagua."

"Atamrudisha lini?"

"Nimemuuliza. Kasema jogoo naye kahama."

Didas alikaa kizingitini akaanza kuvua viatu vyenye tope. Kununa hakuruhusiwi. Harufu ya mchuzi ilikuwa imeshavuka ua kutoka kwa Mwishehe, na nazi hakubania.