Sindano Inayohama

Kazini hakuna udugu, ndivyo nilivyozoea kujigamba, na ndiyo maana barua ya kumtoa mama mdogo kwenye meza ya ukaguzi niliiandika mwenyewe. Nilikuwa msimamizi wake. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki, na ndiye aliyenifundisha kazi hii ya kukagua vitambaa.

Kazi yenyewe ni ya macho. Kitambaa kinapita juu ya meza yenye taa, na pembeni imefungwa sindano ya chuma isiyosogea. Ukingo wa kitambaa ukiiacha sindano, unazima mashine. Miaka ishirini mama mdogo hakuwahi kukosea. Kisha kikaja kitambaa cha mistari ya mshazari, akaanza kuzima mashine mara sita kwa siku.

"Sindano inahama," alisema.

Mimi ni mtu wa rula. Nilipima, haikuwa imesogea hata unywele. Kesho yake nikapima tena, na hivyo kwa miezi mitatu, mwishowe nikamwambia mbele ya wenzake, "Mama mdogo, uzee hauna dawa." Wakacheka. Yeye hakucheka.

Siku ya kuhamia idara ya upakiaji, kama barua ilivyosema, alivua aproni, akanionyesha kiti chake. "Kaa, mwanangu."

Nilikaa shingo upande. Mistari ilipita mbele yangu, yote ikikimbilia kulia. Dakika haikuisha, sindano ikaanza kunyata kwenda kushoto. Niliishika kwa kidole: imara, haiendi popote. Na bado macho yangu yaliiona ikienda! Nikachukua karatasi ya kaki, nikafunika mistari iliyoizunguka, nikaacha ukingo tu. Sindano ikatulia tuli. Nikaondoa karatasi, ikaanza safari.

Kumbe tatizo si macho yake. Ni ile mistari, inayolidanganya jicho lolote, la kijana na la mzee, likadhani kilichosimama ndicho kinachokwenda.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Niliichana barua, nikaenda kwa meneja kumwambia aliyekosea ni mimi. Siku hiyohiyo karatasi ya kaki ikabandikwa kuzunguka sindano.

Nikarudi kwa mama mdogo, nikampa aproni yake kwa mikono miwili. "Nisamehe, mama."

Aliifunga polepole, akakaa, akawasha taa ya meza.

"Miezi mitatu ulisimama nyuma yangu na rula," alisema bila kugeuka. "Kiti kilikuwa hapa hapa."