Jicho la Moustapha

Moustapha aliuza vikwembe, vitambaa vya wanawake vya kujifunga, sokoni Butembo. Jicho lake la kushoto lilianza kucheza mwezi wa pili. Alidhani ni uchovu, maana alilala kidogo na kunywa kahawa tangu asubuhi. Akaacha kahawa. Jicho halikuacha.

Wateja wengine walicheka. Séphora, mwalimu wa shule ya msingi, hakucheka. Moustapha alipokuwa anamkunjulia kikwembe, jicho lilijifunga mara tatu mbele ya wanawake wote waliokuwa pale. Séphora aliondoka bila kununua, akamwambia mumewe kwamba yule mfanyabiashara amemkonyeza kama mwanamke wa baa.

Mumewe, Jean-de-Dieu, alikuwa infirmier, yaani muuguzi, kwenye kituo cha afya cha mtaa wao. Kesho yake saa sita alifika sokoni, akapiga teke meza, vikwembe vikaanguka kwenye matope. Akamkamata Moustapha shati.

"Unakonyeza bibi yangu mbele ya batu?"

"Hapana. Hii jicho inacheza yenyewe."

Jean-de-Dieu alimwita mwongo, akamvuta karibu ili ampige vizuri. Ndipo akaona. Jicho lilijifunga, na shavu likapanda nalo, na pembe ya mdomo ikavutwa upande uleule. Ngumi ikabaki juu.

Akauliza lilianza lini. Mwezi wa pili, Moustapha akajibu, na sasa ulikuwa wa sita. Je, usiku? Kahindo, mke wa Moustapha, aliyekuwa anaokota vikwembe, akajibu kwa hasira kwamba hata akilala uso unacheza. Mkono au mguu umelegea? Maneno yanakuwa mazito mdomoni? Hapana, hapana.

Jean-de-Dieu hakuachilia shati.

"Sikia, sitarudilia. Kama ni kope tu inacheza, juu ya uchovu na kahawa, inaishaka yenyewe kisha siku kidogo ao majuma. Yako iko na miezi ine, inafunga jicho yote, inakokota mpaka kinywa. Ile hapana ya kungojea. Uende ku Beni, uone munganga wa mishipa. Lakini kama siku moja uso inaanguka, ao mukono inakosa nguvu, ukimbie ku hospitali palepale."

Kisha akamsukuma juu ya meza, shati likapasuka begani, akaenda zake. Hakuomba msamaha, wala kwa Kahindo.

Juma lililofuata Moustapha alipanda gari la Beni. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alimuuliza kwa nini anamkonyeza, akamshusha, akamsimamisha juani saa nzima. Moustapha alieleza mara kumi. Hakuna aliyemsikia.

Huko Beni daktari wa mishipa alimkagua uso kwa muda mrefu. Akamwambia kwamba pengine mshipa wa damu unagusa mshipa wa fahamu unaoendesha uso, kwamba si laana wala si hatari ya kufa, ila kucheza huko hakutaisha kwa kungojea. Alimpa vidonge, akamwandikia picha ya kichwa kwenye hospitali kubwa, na akamwambia kuna sindano vidonge vikishindwa. Mwishoni akamuuliza nani alimtuma.

"Adui yangu mumoja," Moustapha akasema.

Vidonge vilipunguza kucheza, havikukumaliza. Hadi leo akimwona Jean-de-Dieu njiani, anavuka upande wa pili.