Sweta Lililoishia Kifuani

Kule Bergen, Norwei, ninakotunza wazee kwa mwaka wa tisa sasa, mitumba haiitwi mitumba. Inaitwa nguo za zamani, inatundikwa moja moja kwenye henga za mbao, inapuliziwa marashi, na muuzaji anakuongelesha kwa sauti ya chini utadhani mko kanisani. Mimi niliyekulia Upareni, niliyefundishwa pale Same kuinamia belo likifunguliwa na kuvuta kabla jirani hajavuta, siku ya kwanza nilicheka sana. Siku ya pili nikarudi. Tangu hapo Jumamosi zangu zote zinaishia humo.

Ndimo nilimopata sweta la mama. Lilikuwa la rangi ya majivu, sufu nzito, limefumwa kwa mkono, na muuzaji alisema lina miaka isiyopungua hamsini. Bei sitaitaja, mama asije akaisikia. Miaka yote hiyo nimekuwa nikimtumia masweta kupitia watu wanaosafiri, na kila nikipiga simu naambiwa lile limekwenda kwa mwalimu wa kwaya, lile kwa jirani aliyejifungua. Kijijini kwetu Bombo kuna baridi, ukungu unaingia mpaka jikoni, na mama yangu Eva, mwenye miaka sabini na moja, anazunguka na khanga mbili mabegani. Safari hii nikaapa kwamba nitalipeleka mwenyewe, na sitaondoka mpaka nimwone amelivaa.

Nilimkabidhi jioni niliyofika. Alilipapasa, akaligeuza ndani nje, akavuta uzi kwenye kiwiko kilichotoboka kidogo.

"Uzi mzuri huu," akasema.

Nikafurahi. Ningekuwa na akili ningeshtuka, maana mama yangu amewafumia watoto wa Bombo masweta ya shule kwa uzi wa mitumba tangu sijazaliwa. Ananunua sweta kubwa Same, analifumua lote, anaosha uzi, anaunyoosha kwa kuuning'inizia chupa ya maji, halafu anaanza upya kwa sindano zake alizotengenezewa kutoka spoku za baiskeli. Kwake yeye sweta la mtumba ni uzi tu, ambao bado haujafumuliwa.

Kesho yake nilishuka Same kufuatilia kitambulisho changu, nikalala huko. Niliporudi nilimkuta mama kibarazani, na sweta limebaki nusu. Mikono haipo, shingo haipo, mabega hayapo. Kwenye kapu kulikuwa na madonge matatu ya uzi wa majivu.

"Mama, umefanya nini?"

"Shikamoo yangu iko wapi, Asnath?"

"Shikamoo. Umefanya nini?"

"Marahaba. Kiwiko kilikuwa kimechoka. Kaa hapa, nilikuwa nakusubiri."

Nilisema mengi ambayo mtoto hatakiwi kumwambia mama yake. Kwamba huko kitu kama hicho watu hawakigusi, kwamba nimekibeba mkononi kupitia viwanja vitatu vya ndege. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akanisogezea sahani ya makande. Nikala kwa hasira, nikamaliza, nikaongeza.

Ndipo akakamata kidole changu. Akakipitisha kwenye uzi aliokuwa ameufumua, ambao mikunjo yake ilikuwa mipana. Akakipitisha tena kwenye kile kipande kilichobaki, na hapo vitanzi vilikuwa vidogo, vimekazwa, vyote sawasawa.

"Ni watu wawili," akasema. "Wa kwanza alikuwa anakaza. Alifuma kutoka chini mpaka hapa kifuani, akaachia katikati ya mstari. Aliyeendelea alikuwa analegeza. Tena alikuwa bado anajifunza, kakosea mwanzoni na kaacha vilevile."

"Labda wa kwanza alichoka."

"Mtu akichoka anamaliza mstari."

Nilikaa na sweta hilo wiki sita, nikilipiga picha na kuwaonyesha wenzangu kazini, na sikuwa nimeona kitu. Mama alikuwa amekaa nalo siku moja tu, hajui hata Norwei iko upande gani, na alikuwa amemkuta humo mtu aliyeachia kazi katikati ya mstari na mtu aliyemshikia. Nilimwangalia mama yangu kwa namna ambayo sikuwahi kumwangalia.

"Yule wa pili angeweza kulifumua lote liwe lake," akasema. "Mimi ningefanya hivyo. Yeye kashika palepale." Akayagusa madonge kwenye kapu. "Nimemfumua bila kujua, anisamehe. Lakini wa kwanza simgusi."

Jioni hiyohiyo alivitia vitanzi kwenye spoku, akaanza kufuma kutoka kifuani kwenda juu.

"Hili langu," akasema. "Nitalivaa."

Nikajua nimeshinda. Zamani sweta la shule lilimchukua siku nne, nami nilikuwa na nane. Siku nane zikaisha, na alichofuma hakikuzidi shubiri moja. Nikasema moyoni ni wageni, wamezidi kuja. Asubuhi ya kuondoka akaliweka kwenye begi langu pamoja na madonge na spoku zake. Alikuwa ameachia katikati ya mstari.

"Utamalizia wewe."

"Mama, sijafuma tangu sekondari."

"Vidole havisahau."

"Basi nikimaliza nitampa mtu akuletee—"

"Usimpe mtu. Vya kutumwa navigawa. Hili ulilete wewe."

Huku Bergen sweta lilikaa juu ya kiti wiki tatu, naliogopa. Jumapili moja nikakaa nalo dirishani, na kabla sijafuma nikapitisha kidole kama alivyonifundisha. Nilianzia kwa yule mfumaji wa kwanza, aliyekaza mpaka mwisho. Kisha nikafika kwa mama. Mistari yake ya kwanza niliitambua, ndiyo ya sweta langu la darasa la kwanza. Juu yake vitanzi vikaanza kupwaya, kimoja kimebana na cha pili kimelegea. Kwenye mistari ya mwisho sindano ilikuwa imepasua uzi mara kwa mara, imekosa njia. Halafu akaachia katikati.

Nililia. Kila Jumapili kwenye simu ananiambia hajambo kabisa, na vidole vyake vilikuwa vimeniambia ukweli shubiri nzima.

Sikufumua hata kitanzi kimoja. Nilishika palepale alipoishia. Mistari yangu ni mibaya, hata kipofu ataona ninapoanzia, na nimeiacha vilevile. Kila nikitoka kazini nafuma. Likizo ya mwakani nimeiomba iwe mwezi huu, na wamekubali.

Jumapili iliyopita akapiga mwenyewe.

"Umefika wapi?"

"Mikono tayari. Imebaki shingo."

"Haraka ya nini? Si ulisema unakuja mwakani?"

"Nimepapasa mistari yako, mama. Yote, mpaka wa mwisho."

Nikasikia akiweka mwiko chini.

"Basi njoo," akasema. "Huku baridi imeanza."